Gauni la Satini Lililomkaa Mbuzi

Mwaka wa 1954, Jumanne moja ya mvua za Aprili, mbuzi alikatisha mji wa Gisenyi akiwa amevaa gauni.

Simaanishi kitambaa alichotupiwa mgongoni. Gauni kamili. La satini, lenye mikono, lenye lesi shingoni, limemkaa utadhani alizaliwa nalo.

Alipita sokoni. Akapita mbele ya msikiti. Akashuka barabara ya ziwani mpaka hoteli ya Wazungu, ambako madamu mmoja ndiyo kwanza ameinua kikombe cha kahawa.

Kikombe kikabaki hapohapo hewani.

Aliyenisimulia kisa hiki ni mwenye gauni mwenyewe, na kila akifika hapo hujishika mbavu. Nami nakileta kwenu kama alivyokileta kwangu, ila vicheko nimevipunguza.

Jina lake Saidati, binti wa Mzee Kadiri, mfanyabiashara wa vitambaa na chumvi. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa msemaji hasa. Akitumwa maji, ndoo ndiyo inamsubiri yeye amalize. Alijua nani kagombana na nani kuanzia Nengo mpaka Rugerero, na alijua kuigiza sauti za wote.

Sasa huyu ndiye aliyeletewa posa na Fundi Faradji.

Faradji alikuwa mshonaji. Cherehani lake lilikaa kwenye baraza la duka moja karibu na soko, na kabla hajalikalia alilifagia baraza lile mwanzo hadi mwisho, hata sehemu isiyo yake. Watu walisema kwa siku anatoa maneno manane. Manne ya salamu, mawili "rudi Alhamisi", na mawili akiba.

Lakini kazi yake! Mafundi wengine, ukiwapelekea kitambaa, mabaki huyaoni tena. Mwaka ukiisha unayakuta kwenye kofia za watoto wao. Faradji alirudisha mpaka kipande cha upana wa kidole, amekikunja na kukifunga uzi juu ya nguo yako.

"Mutu muzuri," walisema wanawake wa sokoni. "Lakini yewe, anabana maneno kama anayanunua!"

Posa ililetwa na baba yake mdogo, Mzee Dauda, mtu wa heshima kali, Ijumaa baada ya sala. Mzee Kadiri akasema, "Tupeni wiki moja. Ijumaa ijayo nitamuuliza binti mwenyewe mbele ya mashahidi. Akitaka, ametaka. Asipotaka, simlazimishi."

Mbuzi wa karamu akanunuliwa soko la Mahoko, mweupe, mwenye madoa meusi masikioni, akafungwa nyuma ya nyumba. Wiki moja. Ndiyo au hapana.

Faradji alikuja kusalimia siku hiyohiyo jioni. Akakaribishwa uani. Saidati akakaa ng'ambo na mama yake, amejitanda kanga, anasubiri neno. Neno lolote. Hata "mvua imenyesha".

Dakika zikapita. Chai ikapoa. Faradji anatazama mlango wa uani.

Mwishowe akafungua kinywa.

"Mulango huu unalia."

Akainuka. Akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya cherehani, akatia matone matatu kwenye bawaba, akaufungua, akaufunga, akaufungua, akaufunga. Kimya. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaaga, akaenda zake.

Saidati akamgeukia mama yake. "Mama, nimeletewa mume au nimeletewa seremala?"

"Mlango ule umelia miaka sita," alijibu mama yake. "Baba yako ameahidi kuutengeneza miaka sita."

"Siwezi kuishi na mlango, Mama. Nataka mtu."

Mama yake aliufungua ule mlango, akaufunga, akatabasamu peke yake.

Kesho yake, Jumamosi, Saidati akamweleza yote shoga yake Mukandutiye.

Mukandutiye alikuwa binti wa watu wa ziwani. Mama yake aliuza samaki, na yeye alikuwa na midomo miwili, mmoja wa kuita wateja na mwingine wa kuwatukana wakishaondoka. Watoto hawa wawili, mmoja wa msikiti na mwingine wa kanisa, walikuwa pamoja tangu wangali wakiibiana miwa.

"Sha, ule mwanaume iko kama jiwe," alisema Mukandutiye. "Iko na moyo lakini?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Na siku zangu ni sita."

"Bon. Tumujaribu."

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa ujinga uliofuata.

Katika mtaa ule wa Waswahili, posa ilikuja na kitambaa. Binti alishonewa gauni la kukaa nalo siku ya jibu. Lakini mshonaji mwanamume hakumpima mwanamke. Hata kumsogelea na futi ilikuwa aibu. Kilichofanyika ni hivi: wanawake walimpima binti nyumbani kwa kamba ya katani, wakapiga mafundo. Fundo la kwanza, mabega. La pili, kifua. La tatu, kiuno. La nne, mkono. La tano, urefu. Kamba ikapelekwa kwa fundi, naye akaisoma kama mwalimu asomavyo ubao.

Na katika kuisoma kamba, hakuna aliyemfikia Faradji. Miaka tisa hakukosea fundo hata moja. Hilo ndilo jambo pekee alilojivunia, na hata hilo hakulitamka. Uliliona tu shingoni mwake, jinsi alivyoinyoosha akipokea kamba.

Kitambaa cha posa kilikuwa satini ya rangi ya maziwa yenye ndege wadogo wa njano. Dauda alikileta, Kadiri akakisifu, na sasa kilitakiwa kirudi kwa Faradji pamoja na kamba.

"Unapima mabega yako?" aliuliza Mukandutiye.

Saidati alikuwa ameshika kamba, lakini macho yake yalikuwa nyuma ya nyumba. Mbuzi alikuwa anatafuna kona ya mkeka, hana habari na dunia.

Wakatazamana.

"Hapana," alisema Mukandutiye.

"Ndiyo," alisema Saidati.

"Mana yanjye, Mungu wangu. Ndiyo!"

Mukandutiye akashika pembe, Saidati akapima. Mabega, finyu. Kifua, pipa. Kiuno, pipa kuliko kifua. Mkono, mfupi kama wa mtoto wa chuo cha Kurani. Urefu, kutoka shingoni mpaka mkiani. Mafundo matano, yamekazwa vizuri.

Masharti ya mtihani aliyaweka Saidati mwenyewe, kidole juu. "Akija mbio amekasirika, ana damu. Nitafikiri. Akija anacheka, Ijumaa nasema ndiyo. Lakini akishona tu, eti kwa kuwa ameambiwa ashone, basi ni gogo. Nasema hapana, na baba hataniuliza mara mbili."

Kamba na kitambaa vikapelekwa.

Jumamosi ikapita, hakuja. Jumapili kengele za kanisa zikalia, hakuja. Jumatatu Mukandutiye alipita mbele ya baraza na beseni la samaki, akarudi mbio.

"Anashona!"

"Anashona nini?"

"Satini! Naona ndege za njano zinapita chini ya sindano. Uso wake iko vilevile. Kama anashona gunia!"

Saidati alitegemea kucheka, na badala yake kitu kikamwuma kifuani. Hakupenda kukubali, lakini alikuwa ameshaanza kumwombea afaulu.

Jumanne asubuhi, mama yake akiwa ameenda kwa jirani, hodi ikapigwa mlango wa uani. Faradji huyo, kanzu safi, furushi mkononi.

"Kazi tayari," alisema.

Saidati akapokea. "Hukuona tatizo lolote, Fundi?"

"Hapana."

"Vipimo vilikuwa sawa?"

"Sawa."

Kisha jambo dogo likatokea, na Saidati alilikumbuka baadaye. Faradji hakuondoka. Alibaki amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kitu. Saidati, kwa hasira, akamfungia mlango. Mlango haukulia hata kidogo.

Mukandutiye alitokea jikoni alikojificha. Wakafungua furushi.

Wapendwa, gauni lile lilikuwa zuri. Mishono miwili miwili, lesi ya mviringo shingoni, mikono mifupi yenye pindo. Zuri kupita kiasi, na la mbuzi.

"Gogo," alisema Saidati. Sauti yake haikuwa na raha. "Nimepata jibu langu. Gogo."

"Donc, sasa tulitupe?" Mukandutiye alilishika juu. "Kazi yote hii? Hapana, sha. Lazima mwenyewe avae."

Saidati akashika pembe, Mukandutiye akahangaika huku nyuma. Mguu wa mbele ukaingia kwenye mkono wa gauni, wa pili ukaingia. Vifungo vikafungwa. Wakasogea hatua mbili kutazama.

Mbuzi aligeuza kichwa, akawaangalia juu ya lesi, kama mke wa chifu aliyeletewa chai ya baridi.

Hapo ndipo walipovunjika. Walicheka mpaka wakakaa kwenye matope. Mukandutiye alilia machozi, Saidati akapiga ukuta kwa viganja. Na mbuzi, aliyekuwa amevumilia mengi siku zile, alishtuka, akaruka, kamba ikakatika, akapita lango la uani na kwenda zake.

"Mbuzi!" alipiga kelele Saidati.

"Gauni!" alipiga kelele Mukandutiye.

Mengine mnayajua. Sokoni, msikitini, hotelini. Nsengiyumva, katekista, alifanya ishara ya msalaba mara mbili, ya pili pengine kwa ajili ya gauni. Aliyemkamata hatimaye ni Straton, dereva wa lori, mtu asiyeacha mzaha upite bila kuupakia. Alimbeba mbuzi begani kama mzigo wa viazi, na badala ya kumrudisha kwa mwenyewe, akampeleka moja kwa moja kwenye baraza la Faradji.

Maana mshono ule, mji mzima uliujua.

"Fundi!" alinguruma Straton. "Muteja yako huyu! Anasema kiuno inamubana!"

Watu wakajaa. Kicheko kikatoka baraza hadi baraza. Saidati na Mukandutiye walifika wakihema na kusimama nyuma kabisa ya umati, nyuma ya mama mmoja mnene.

Kisha mtu akasema, "Ngoja. Hii si ile satini ya posa ya binti Kadiri?"

Kicheko kikabadilika. Si kwamba kilikoma. Kiliota meno.

Mzee Dauda alipasua watu. Alimtazama mbuzi. Alimtazama mtoto wa ndugu yake. Masharubu yake yalikuwa yanatetemeka.

"Faradji. Gauni la mchumba wako umelishona kwa kipimo cha mbuzi?"

Faradji aliendelea kutazama cherehani.

"Nakuuliza! Kamba aliileta nani? Kama nyumba ya Kadiri imetuchezea, nieleze sasa hivi. Posa naiondoa leo, na mji utajua wao ni watu wa namna gani!"

Saidati alichungulia kando ya yule mama. Alimwona baba yake akitokea upande wa duka lake, kanzu imeshikwa mkononi, anakimbia, mzee wa watu asiyekimbia hata mvua. Neno moja tu la Faradji, na Kadiri ataaibika mbele ya wateja wake wote.

Faradji aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Akayapitisha juu ya vichwa vya watu. Yakafika kwa yule mama mnene, yakapita kando yake, yakatulia kwa Saidati. Sekunde moja tu.

"Kamba ilikuwa sawa, Baba mudogo," alisema. "Mi nilisoma mafundo vibaya. Kosa ni langu."

Umati ukalipuka. Fundi wa miaka tisa hajui mke na mbuzi! Straton alijipiga paja. Mama mmoja, aliyekuwa amepeleka kanga zake za Ramadhani kushonwa, akapanda barazani palepale na kuzichukua. Wa pili akafuata. Wa tatu akaomba radhi kwanza, kisha naye akachukua.

Faradji alimpa kila mmoja kitambaa chake kimekunjwa. Halafu akarudi kwenye cherehani na kutaka kutunga uzi kwenye sindano.

Uzi ukakataa kuingia. Akaulamba, akajaribu tena. Ukakataa.

Saidati hakungoja kuona mara ya tatu. Alimshika mbuzi, akaondoka naye, Mukandutiye nyuma yake.

Nyumbani alimfungia mbuzi uani na kuanza kumvua gauni, huku akijilaumu kwa sauti, maana hata kujilaumu hakuweza kimyakimya. "Amedanganya. Mtu asiyeiba hata kidole cha kitambaa, leo amedanganya mji mzima. Kwa ajili yangu. Na bado sijui kwa nini alishona, mjinga yule, kwa nini hakuona, kila mtu angeona..."

Akafika nyuma. Gauni likagoma. Mkia umekwama.

Akapapasa. Mkia ulikuwa umetokea kwenye tundu.

Akainama kutazama vizuri. Tundu la duara, mahali pale pale palipotakiwa. Limezungushiwa uzi wa njano, mshono wa tundu la kifungo, mmoja mmoja, umepindwa mara mbili ili usimkwaruze.

Saidati akakaa chini.

"Mukandutiye. Ulipomvalisha, hukuona tundu hili?"

"Niliona," alijibu shoga yake. "Nilifikiri ni ya kifungo. Mkia ukatoka mwenyewe, mi nikaendelea kucheka."

"Mukandutiye, mtu aliyesoma mafundo vibaya hatoboi tundu la mkia."

Wakatazamana tena, kama Jumamosi ile. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Yewe," alisema Mukandutiye taratibu. "Alijua."

Alhamisi alasiri Saidati alichukua shati la baba yake, akang'oa kifungo ili apate sababu, akaenda barazani. Hapakuwa na mteja. Faradji alikuwa anafagia.

"Kifungo," alisema Saidati.

Akalipokea shati. Akakitazama kifungo. "Kimeng'olewa."

"Kimeng'olewa, ndiyo. Nimekuja na mengine. Ulijua ni mbuzi."

Faradji akakaa. Akaanza kushona kifungo. "Nywele yake ilibaki ku fundo la ine, lile la mukono."

"Na bado ukashona!"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Saidati alikuwa na maneno mengine arobaini tayari mdomoni, ila kwa mara ya kwanza maishani mwake aliyazuia, akangoja. Sindano ikaingia, ikatoka. Ikaingia, ikatoka.

"Ulicheka?" aliuliza Faradji, macho kwenye kifungo.

"Nini?"

"Ile siku. Ulipoona gauni. Nilingoja kidogo ku mulango, sikusikia."

Saidati akakumbuka. Mikono nyuma. Amesimama kama mtu anayesubiri kitu.

"Nilicheka," alisema Saidati. "Nilicheka mpaka nikakaa kwenye matope."

"Basi," alisema Faradji.

Akakata uzi kwa meno. Kisha, kama mtu anayetua mzigo aliobeba kutoka mbali, akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema mfululizo:

"Kila asubuhi ulikuwa unapita hapa ukienda kwa shangazi yako. Unacheka. Nasikia kicheko mbele, wewe unafuata. Posa ilipofika, ukanyamaza. Nikafikiri, ni mi nimemufunga mutoto wa watu kinywa. Kamba ilipokuja nikasoma, nikaona, kumbe bado iko na muchezo. Nikafurahi. Mi sijui kusema ya kuchekesha. Kushona najua. Ile ilikuwa ya kwako ya kucheka."

Alishika mkasi, akauweka. Akaushika tena.

"Sikujua mbuzi itakimbia."

"Na ukajiita mjinga mbele ya watu."

"Fundi akikosa, watu wanasahau siku ya Idi. Kosa la kwako wasingesahau." Akainama chini ya meza, akatoa furushi. "Hii ni ya kwako. Satini iliyobaki. Mbuzi ni mudogo, haikumaliza. Sikuikata. Kesho ukisema hapana, bado ni ya kwako. Ilikuja kwa jina lako."

Mabaki, yamekunjwa, yamefungwa uzi.

Saidati aliyachukua na kuondoka haraka. Machozi ya barabarani yana maswali mengi, na yeye alikuwa anajulikana na kila mwenye maswali.

Ijumaa ikafika. Mvua ilikuwa inanyesha. Sebuleni walikaa Mzee Kadiri, Mwalimu wa chuo cha Kurani na Abdu muuza chumvi kama mashahidi, na Mzee Dauda karibu na mlango, amekaa upande, kofia ameivaa tayari. Hakuja kupokea jibu. Alikuja kuondoa posa kwa adabu, maana baada ya aibu ile hakutaka tena mazungumzo.

Saidati alikuwa nyuma ya pazia na mama yake, amevaa kanga ya kawaida.

"Mzee Kadiri," alianza Dauda, "kabla hujamuuliza binti, mimi nina neno..."

"Na mimi ninalo, Baba Dauda!" sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Abdu alimnong'oneza Mwalimu, "Ndiye huyo sasa."

Akasema. Alisema yote, bila kujipunguzia. Kamba, mbuzi, mtihani, Mukandutiye, ingawa Mukandutiye alimpunguzia kidogo. Akasema baba yake hakujua lolote na mama yake hakujua lolote. Akasema kosa la mafundo halikuwapo, kwamba Faradji aliyasoma sawasawa, na kwamba atakwenda mwenyewe kwa kila mama aliyechukua kitambaa chake amwambie hivyo mbele ya mume wake.

Mzee Kadiri alikuwa amefunika uso kwa viganja.

Dauda hakutikisika. "Yaani mwanangu alijua ni mbuzi?"

"Alijua."

"Na akashona?"

"Akashona. Akamtobolea na tundu la mkia, Baba. Akalipinda mara mbili."

Kofia ya Dauda ikaanza kutikisika. Kwanza kofia, kisha mabega. Mzee yule mkali alijizuia hadi macho yakamtoka, ikashindikana, akaangusha kicheko kilichomwamsha jirani.

"Mara mbili!" alisema akijifuta. "Babu yake alikuwa hivyohivyo! Hazungumzi mwaka mzima, halafu anakufanyia jambo unacheka mpaka kaburini!" Akavua kofia, akaiweka gotini. "Muulize binti, Kadiri. Mimi neno langu limepotea."

Kadiri akasafisha koo.

Niseme hili kwa wasiolijua: kwa desturi yetu, binti mwali halazimiki kutamka ndiyo. Anaona haya. Akiulizwa na baba yake na akanyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa. Asiyetaka ndiye anayesema.

"Saidati binti Kadiri," alisema baba yake, "Faradji anakuomba uwe mke wake. Unasemaje?"

Mvua ikapiga bati.

Wakangoja.

Mvua ikaendelea.

"Ametoka kwa mlango wa nyuma?" aliuliza Abdu.

Mama akachungulia. "Yupo."

"Anapumua?"

"Anapumua."

Mwalimu wa chuo akainamisha kichwa, sikio kwenye pazia. Hawakuamini. Binti huyu tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsikia akikosa neno, na ikabidi wahakikishe kwamba ni kimya cha ridhaa, si kifafa.

Nyuma ya pazia, Saidati alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Alikuwa na mia ya kusema. Alitaka kusema ndiyo, na asante, na nisamehe, na mwambieni aje sasa hivi na mvua yake. Yalimjaa kifuani, yakasukumana kooni, na hakutoa hata moja. Na hapo, akiwa amebanwa na maneno yake mwenyewe, ndipo alipomwelewa yule mtu wa barazani. Kumbe kimya si nyumba tupu. Ndani yake watu wamejaa, wanazungumza wote kwa pamoja, na mlango ndio mwembamba.

Hakuwahi kumwita gogo tena.

"Amenyamaza," alisema Mzee Kadiri. "Jamani. Mtoto wangu amenyamaza."

Wakanyanyua mikono kuomba dua.

Nimekiandika kisa hiki kwa ajili ya watu wasioandikwa sana. Wale wanaofika kabla ya wakati, wanaofunga dirisha ulilosahau, wanaokaa pembeni kwenye sherehe kisha ndio wanaobaki kurudisha viti. Tunawaita wagumu, tunawaita baridi, kwa sababu tu hawatamki.

Hisia wanazo. Wengine wanazo nyingi kuliko sisi tunaozimwaga kila mahali. Na mizaha wanayo pia, ila wao huishona kimya na kukuachia uigundue mwenyewe.

Kama unaye mmoja nyumbani kwako, jioni hii usimuulize kama anakupenda. Utamtesa bure. Muulize leo ametengeneza nini. Kisha kaa, ungoje jibu, hata likichelewa.